Kichocho, sigara na swali ambalo halikuulizwa Kwamsisi

Nilipotea kidogo, si mnajua tena kazi za gazeti, leo uko mahakamani kesho unatupwa kwenye semina ya wakubwa. Leo sina siasa. Naomba tuzungumze historia, tena historia ya vitu viwili ambavyo watu wengi hawajawahi kuviweka kwenye sentensi moja: sigara na mkojo.

Najua mtu akitaja sigara na kansa, kichwani yanakuja mapafu. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Lakini sigara inaua pia kupitia kibofu cha mkojo na figo, na kwetu Tanga habari hiyo imefunikwa na ugonjwa mwingine wenye dalili ileile. Ugonjwa huo ni kichocho. Vyote viwili humfanya mtu akojoe damu, na vyote viwili vinaweza kuzaa kansa ya kibofu. Tofauti ni kwamba kimoja tumekijua na kukipigia kelele kwa zaidi ya miaka mia, na kingine tumekijengea kiwanda.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu Kwamsisi, maana ziko mbili. Kuna kata ya Kwamsisi ndani ya mji wa Korogwe, na kuna kata ya Kwamsisi wilayani Handeni. Mtu akikwambia anatoka Kwamsisi inabidi umuulize ipi. Majina ya namna hiyo yamejaa Uzigua: Kwamkono, Kwamatuku, Kwaluguru, Kwediboma. Upande wa mama yangu una watu kwenye Kwamsisi zote mbili, na mmoja wao ni mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifanya niandike haya. Ameniruhusu nimsimulie, ila jina lake nimeliacha nyumbani.

Mjomba alianza kukojoa damu mwaka 2022. Haikuwa na maumivu yoyote. Ilikuja siku mbili, ikapotea wiki tatu, ikarudi. Akaenda kituo cha afya cha karibu, akaambiwa ni kichocho, akapewa vidonge vya prazikwanteli. Damu ikakata. Baada ya mwezi ikarudi, akapewa vidonge vilevile. Mara ya tatu akaongezewa na dawa za maambukizi ya njia ya mkojo. Miezi tisa ikapita hivyo. Kituo sikitaji na wala sina ugomvi na mganga aliyemhudumia, maana kwa mtu wa ukanda wa chini wa Tanga anayekojoa damu, kichocho ndicho jibu la kwanza ambalo mganga yeyote angelifikia.

Hatimaye dada yake, yaani mama yangu, akachoka kusikia "inaisha hii", akampandisha basi hadi hospitali kubwa. Huko wakaingiza kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo, wakaona uvimbe. Wakaukwangua, wakapeleka kipande maabara. Jibu likarudi: kansa ya utando wa ndani wa kibofu, aina ambayo duniani kote mshitakiwa wake mkuu ni moshi wa sigara. Kwenye kile kipande hakikuonekana hata yai moja la kichocho. Bahati yake, ilikuwa haijapenya kwenye msuli wa kibofu.

Sasa sikilizeni hili. Tukiwa tumekaa kwenye benchi tukisubiri kuitwa, nilipitia makaratasi yake yote, kuanzia daftari la msingi la kule nyumbani hadi barua ya rufaa. Nilikuwa natafuta neno moja tu: sigara. Halikuwamo. Katika vituo vyote alivyopita, hakuna mtu aliyekuwa ameandika kwamba mzee huyu anavuta, wala mwenyewe hakumbuki kuulizwa. Na huyu ni mtu anayevuta tangu ana miaka 17, sigara 15 kwa siku, tena pakiti inaonekana wazi kwenye mfuko wa shati.

Nilipomuuliza kwa nini yeye mwenyewe hakusema, alinishangaa. Akanijibu, "Mjomba, hawa wanatibu mkojo. Sigara inaingiaje hapo?"

Ni swali la haki kabisa. Nikaamua kulifuatilia kama ninavyofuatilia habari ya gazeti. Nikajikuta narudi nyuma karibu miaka 170.

Tumbaku si mmea wa kwetu kwa asili. Ilitoka Amerika, na Wareno ndio waliosaidia kuisambaza kwenye pwani hii katika karne ya 16 na 17. Hata neno lenyewe limesafiri nayo. Lakini ilipofika milimani kwetu ilipokewa vizuri mno. Mwingereza Richard Burton, aliyepanda Usambara mwaka 1857 kwenda kumwona Kimweri ye Nyumbai pale Vuga, ameandika habari za tumbaku ya huko. Ilikuwa inatwangwa kwenye vinu vya mbao, inafanywa mikate myembamba ya mviringo, inafungwa vizuri kwenye majani ya mgomba, inasafirishwa hadi Zanzibar. Kwa hiyo mtu akikwambia Tanga ni mkonge na machungwa tu, mwambie kabla ya mkonge kulikuwa na mikate ya tumbaku.

Tumbaku ile ilikuwa na nafasi yake. Ugoro ulikuwa wa wazee na kiko kilikuwa cha barazani, na baadhi ya matambiko yalikuwa na fungu lake la tumbaku. Sisemi ilikuwa salama, maana ugoro nao una madhara yake. Nasema ilikuwa na mipaka. Kijana wa miaka 17 hakuweza kukaa na kiko cha babu yake akakivuta mara 15 kwa siku.

Mipaka hiyo ilivunjwa na mambo mawili, mshahara na mashine.

Mshahara ulikuja na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Inasemwa aliagiza 1,000, ikafika Tanga 62 tu ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo likazaliwa zao ambalo baadaye liliifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata. Yakaja na manamba, vijana kutoka nyanda za juu, kutoka Msumbiji, kutoka Ruanda na Urundi, wakikaa kambini mbali na wazee wao, wakilipwa fedha taslimu kwa kazi waliyopimiwa. Hapo ndipo sigara ilipopata mteja wake. Kiko kinahitaji muda na baraza. Sigara inahitaji senti na dakika tano. Mtu anaweza kuinunua moja, akaivuta amesimama, akarudi kwenye matita yake.

Mjomba aliingia kwenye mashamba ya Korogwe mwaka 1974. Anasema aliyempa sigara ya kwanza ni mkataji mwenzake, siku ambayo uji wa asubuhi ulikosekana. "Inakata njaa," akaambiwa. Ni kweli, nikotini hupunguza hamu ya kula. Kwa kazi ile ilikuwa kama sehemu ya posho. Nikimsikiliza huwa nakumbuka kwamba watu wengi hawakuanza sigara kwa sababu ya kujidai. Walianza kwa sababu ya kazi.

Mashine nayo ina historia yake. Kwa miaka mingi sigara za Tanganyika zilitoka viwanda vya majirani, kikiwamo kile cha Jinja, Uganda. Mwaka 1961, mwaka uleule wa uhuru, ndipo kampuni ya sigara tunayoijua leo ilipoanzishwa Dar es Salaam kwa jina la East African Tobacco. Kwa hiyo sigara ya Tanzania na bendera ya Tanganyika ni marika. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, kampuni ya tumbaku ya Kiingereza ya BAT ilikuwa kwenye orodha ya makampuni ambayo serikali ilitangaza kuchukua hisa za kuyamiliki, pamoja na viwanda vya bia, viatu vya Bata na saruji. Mwaka 1975 kiwanda cha sigara kikawa mali ya umma moja kwa moja. Mjomba alikuwa na mwaka mmoja tu kwenye uvutaji.

Hebu fikirieni maana yake. Kuanzia hapo serikali ilikuwa daktari wa mjomba na ilikuwa muuza sigara wake. Mkono mmoja unajenga zahanati vijijini, mkono mwingine unakusanya faida ya pakiti. Huko Tabora nako, Urambo, kwenye mashamba ambako Waingereza walishindwa vibaya na mradi wao wa karanga wa mwaka 1947 hadi 1951, tumbaku ndiyo iliyochukua nafasi. Wakulima wa Tabora, Chunya, Ruvuma na Iringa wakasomesha watoto kwa tumbaku. Na tusijifanye watakatifu, wengine humu tumesoma na watoto hao.

Hata kwenye mpira sigara ilikuwepo. Wapenzi wa soka mnaikumbuka timu ya Sigara ya Dar es Salaam, iliyocheza ligi ya juu ikikutana na Simba na Yanga. Mtangazaji wa redio anasema "Sigara wanashambulia", na hakuna aliyeona ajabu. Ndipo ninapoelewa kwa nini mganga hamuulizi mgonjwa kama anavuta. Sigara ilikuwa imekaa kwetu kama fanicha, na nani anauliza habari za kiti alichokalia?

Mwaka 1995 kiwanda kilibinafsishwa, Wamarekani wa R.J. Reynolds wakachukua hisa nyingi. Mwaka 1999 Japan Tobacco wakanunua biashara ya Reynolds ya nje ya Marekani na kiwanda chetu kikaenda nayo. Mwaka 2000 hisa zake zikaorodheshwa kwenye soko la hisa la Dar es Salaam. Serikali ikabaki na kodi, ile ambayo kila Juni waziri wa fedha akisoma bajeti tunasubiri kusikia bia na sigara zimepanda kiasi gani.

Sasa turudi kwenye swali la mjomba. Sigara inaingiaje kwenye mkojo?

Jibu lilianza kupatikana mahali ambapo hapakuwa na uhusiano na sigara. Mwaka 1895 daktari wa Frankfurt, Ludwig Rehn, aligundua kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha rangi za nguo walikuwa wanapata uvimbe wa kibofu kuliko kawaida. Baadaye wanasayansi waliitambua jamii ya kemikali zilizohusika, na ikaonekana kwamba baadhi ya kemikali hizohizo zimo kwenye moshi wa tumbaku. Njia yake ni rahisi kuielewa. Moshi unaingia mapafuni, kemikali zinapita kwenye damu, damu inachujwa na figo, uchafu unashuka kwenye kibofu. Hapo unakaa masaa, umeloweka utando wa kibofu, hadi mtu aende kujisaidia. Mapafu yanapitisha moshi na kuutoa, lakini kibofu kinauweka akiba.

Mwaka 1956 Abraham Lilienfeld na wenzake huko Buffalo, Marekani, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanaume wanaovuta sigara wanapata kansa ya kibofu kuliko wasiovuta. Mwaka 1986 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, likaiweka rasmi kansa ya kibofu kwenye orodha ya kansa zinazosababishwa na uvutaji, na mwaka 2004 likaithibitisha na kansa ya figo yenyewe. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2011 ulikuta kwamba mvutaji ana hatari karibu mara nne ya mtu ambaye hajawahi kuvuta, na kwamba karibu nusu ya kansa zote za kibofu kule, kwa wanaume na wanawake, zinatokana na sigara.

Angalieni tarehe. Utafiti wa kwanza ni wa 1956. Kampuni yetu ni ya 1961. Sisemi kuna mtu Dar es Salaam aliusoma akauficha. Nasema elimu ilikuwepo duniani kabla mjomba hajazaliwa, na ilichukua miaka 67 na kansa kwenye kibofu chake kumfikia Kwamsisi.

Kwa nini haikufika? Sababu mojawapo ni kwamba nafasi yake ilikuwa imeshakaliwa na kichocho.

Kichocho kina heshima yake kwenye udaktari wa Afrika. Mdudu wake aligunduliwa Cairo na Theodor Bilharz mwaka 1851. Mwaka 1911, Cairo hiyohiyo, daktari Ferguson akaonyesha uhusiano wake na kansa ya kibofu. Kwa upande wetu, miaka ya 1960 madaktari Forsyth na Macdonald walipima wanafunzi wa shule ya Donge, Unguja, wakakuta watoto wadogo ambao figo zao na mirija ya mkojo vilikuwa vimeshaanza kuharibika. Mwaka 1994 IARC ikamtangaza rasmi mdudu wa kichocho cha mkojo kuwa ni chanzo cha kansa. Hakuna ubishi, ni adui halisi.

Na kwetu adui huyu ana makazi. Handeni ni nchi ya shida ya maji. Hata baada ya mradi wa HTM wa miaka ya 1970 kuvuta maji kutoka mto Pangani, vijiji vingi viliendelea kutegemea malambo, ambako ng'ombe wanakunywa, mama anachota, watoto wanaogelea, na konokono wanaobeba kichocho wanastarehe. Kwa vizazi vingi mvulana kukojoa damu lilikuwa jambo la kawaida tu, wengine waliliona kama dalili ya kukua. Shule zikaja na vidonge, watoto wanapimwa urefu kwa kijiti kipewe kila mmoja dozi yake. Ni kazi nzuri sana na iendelee.

Lakini kazi hiyo nzuri imetujengea mazoea: damu ni kichocho, kichocho ni vidonge, kwaheri. Mazoea hayo yanamtosha mtoto wa miaka 12. Kwa mzee wa miaka 65 mwenye pakiti mfukoni yanaweza kuwa hukumu ya kifo, kwa sababu damu ya uvimbe wa kibofu ina tabia ya kuja na kupotea yenyewe. Ikikata baada ya vidonge, kila mtu anaamini vidonge ndivyo vilivyoikata.

Mtasema, basi huenda kwetu sigara si tatizo, kansa za kibofu zote ni kichocho. Tuangalie Mwanza. Mwaka 2013 watafiti wa Bugando walichapisha taarifa ya wagonjwa 185 wa kansa ya kibofu. Zaidi ya nusu, asilimia 55, walikuwa na aina ya seli bapa, ambayo ndiyo huambatana sana na kichocho, na mayai ya kichocho yalionekana kwa wagonjwa 83. Kwa hiyo ni kweli kichocho bado kinaongoza kanda ile. Lakini asilimia 40 walikuwa na kansa ya aina ya mjomba. Hata kwenye nchi ya kichocho, wagonjwa wanne kati ya kumi walikuwa na kansa ya aina ambayo kwingineko swali la kwanza kuhusu chanzo chake ni sigara.

Kisha tuangalie Misri, maana Misri ni sisi wa kesho. Kule walipambana na kichocho kwa nguvu zote. Mwaka 1980, kwenye taasisi kuu ya kansa ya Cairo, kansa za kibofu za aina ya seli bapa zilikuwa karibu robo tatu ya zote. Kufikia 2005 zilikuwa zimeshuka chini ya theluthi moja, na aina inayohusishwa na sigara ndiyo iliyoshika uongozi. Wamisri walimfukuza konokono mlangoni, sigara ikabaki sebuleni. Vidonge vikifanya kazi yake Handeni na Korogwe, na naomba vifanye, sigara haitakuwa na mahali pa kujificha tena, ila kama bado tutakuwa hatujaanza kuuliza.

Kwa takwimu zetu wenyewe, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima Tanzania wanatumia tumbaku ya aina moja au nyingine, yaani watu milioni 2.6. Wanaume ni asilimia 14.6. Sheria tunayo, ya mwaka 2003, inakataza kumuuzia mtoto chini ya miaka 18 na kuvuta ovyo kwenye maeneo ya umma. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku tuliuridhia mwaka 2007. Lakini nenda stendi yoyote usiku uone kama kuna anayeulizwa umri.

Sasa kitu ambacho kimenigusa kuliko vyote. Mwaka 1979 huko London, daktari Michael Russell na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio. Madaktari wa kawaida waliwashauri wagonjwa wao waache sigara, wakawapa kijikaratasi, wakawaambia watafuatiliwa. Dakika mbili hivi, basi. Baada ya mwaka, watu 5 kati ya 100 walikuwa wameacha. Kwa wale ambao hawakuambiwa chochote, hata mmoja kati ya 100 hakufika. Mtu anaweza kusema 5 ni wachache. Piga hesabu: katika wavutaji milioni moja ni watu 50,000. Hakuna mashine iliyonunuliwa wala jengo lililozinduliwa kwa kukata utepe. Ni swali na ushauri wa dakika mbili.

Na kuacha baada ya kuugua si kazi bure, kama wengi wanavyodhani. Kansa ya kibofu ina tabia ya kurudi, ndiyo maana mgonjwa anachunguzwa kwa kamera mara kwa mara kwa miaka. Anayeendelea kuvuta ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudiwa. Tena anapona vidonda vya upasuaji kwa shida zaidi. Kwa hiyo siku mtu anapoambiwa ana uvimbe ndiyo siku yenyewe ya kumwambia habari ya sigara, maana siku hiyo anasikiliza. Dawa za kusaidia zipo. Bandika na bigijii za nikotini ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009, na vidonge aina mbili vikaongezwa mwaka 2021. Tatizo ni kwamba ukiziulizia kwenye duka la dawa Handeni, muuzaji atadhani unamtania.

Mjomba hakuzipata. Alichopata ni sisi. Nilimweleza ile njia ya moshi hadi kibofuni, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo hata hizi nilizovuta juzi ziko humu?" Nikamwambia ndiyo. Tulipanga siku, ilikuwa Jumatatu. Shangazi akaondoa vibiriti na vile visahani vya majivu. Mwenye kioski jirani akaombwa asimkopeshe, na mgosi yule akakubali, japo alikuwa anapoteza mteja. Siku tatu za kwanza alikuwa mkali kama pilipili, halali, anagombana na kuku. Wiki ya pili akapoa. Mwezi wa tatu ukatokea msiba, akakaa na rika lake usiku kucha kwenye moto, akavuta. Asubuhi yake alitaka kukata tamaa. Tukamwambia kuteleza si kuanguka, anza tena. Akaanza tena. Kila hamu ikimpanda anakunywa maji, anatafuna karanga, anatembea hadi shambani na kurudi, maana hamu yenyewe huwa haizidi dakika chache. Kwenye vipimo vya mwisho kibofu kilikuwa safi. Atarudi tena kupimwa, na tena.

Kwa hiyo wadau, nimalizie na mambo machache ya kushika mkononi.

Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, nenda hospitali. Ukipewa dawa ya kichocho meza, lakini damu ikirudi usikubali kupewa dozi ya tatu. Omba rufaa. Kama una zaidi ya miaka 40 na unavuta, au uliwahi kuvuta, sema mwenyewe kabla hujaulizwa: "Daktari, mimi navuta." Iandikwe.

Ukiwa na ndugu anayetaka kuacha, msaidie kupanga siku, ondoa vibiriti, na usimcheke akiteleza. Wengi hujaribu zaidi ya mara moja kabla ya kufanikiwa.

Na ninyi mnaosoma udaktari na uuguzi, najua mko humu. Tumewalaumu wauguzi wetu kwa mambo mengi, mengine kwa haki, mengine kwa kuwaonea. Hili siyo lawama, ni ombi. Kwenye lile daftari la mgonjwa, pale mnapoandika joto na presha, ongezeni mstari mmoja: anavuta au havuti. Mkishauliza, mwambieni kwa nini mmeuliza. Kwamsisi zote mbili zitawashukuru.

Naomba kuwasilisha.